Kabla hujalipa kodi ya miezi sita Dodoma

Tangazo linasema chumba na sebule Nkuhungu, 150,000 kwa mwezi. Piga hesabu. Miezi sita ni 900,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 150,000. Mwenye nyumba akidai na dhamana ya mwezi, umeshafika 1,200,000 na hujanunua hata pazia. Bado kuna taka, mlinzi, umeme wa pampu, maji, na mchango wa gari la kunyonya choo likija. Hizo hazitajwi siku ya kuonyeshwa nyumba; utazisikia ukishahamia.

Wapangaji wengi wanaamini kuna sheria inayokataza kudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na matamko ya wanasiasa yaliyofuata hayakuziba pengo. Kinachokulinda leo ni Sheria ya Ardhi ya 1999 pamoja na kile mlichoandikiana. Kwa hiyo jambo lisiloandikwa kwenye mkataba, hesabu kwamba utakuja kulibishania.

Hiyo Sheria ya Ardhi inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Upangaji wa mwaka mmoja au chini unaweza kuwa wa mdomo tu na bado ukawa halali, basi mwenye nyumba asikutishe kwamba "huna mkataba huna haki". Ugumu wa mdomo ni ushahidi. Kama mnalipana mwezi kwa mwezi bila muda maalumu, notisi ya kuondoka haiwezi kupungua mwezi mmoja, na inapaswa kuisha siku ya kulipa kodi. Ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na mifereji mikuu ni juu ya mwenye nyumba, ila kama mmekubaliana vinginevyo. Una haki pia ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa muda wote unaolipa na kutimiza masharti. Kupigiwa kufuli kisingizio kikiwa "ndugu yangu anahamia" si utaratibu wa sheria.

Sasa umeme, maana hapa ndipo pesa inapovuja kimya kimya. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla), na kuanzia Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini mita iko kwako, unanunua wewe, na mashine haijui nani ana hati. Fungua ujumbe wa LUKU usome mstari kwa mstari: gharama ya umeme, VAT, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, kisha makato ya kodi ya majengo. Kwa tarifu ya kawaida ya 292 kwa uniti kabla ya hizo tozo, elfu kumi inaleta uniti 28. Mwezi wa makato unapata karibu 24. Kwa mwaka ni 18,000 umemlipia mwenzio. Andikeni kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi ya awamu inayofuata, na utunze jumbe zote kama uthibitisho.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Nyumba iliyokaa tupu miezi mitano inalimbikiza makato, na mnunuzi wa kwanza wa umeme ndiye anayekatwa deni lote. Kabla ya kulipa kodi, mwombe mwenye nyumba anunue umeme wa elfu mbili mbele yako. Uniti zikitoka vizuri, sawa. Zikigoma au zikitoka kiduchu, deni lipo, na ni lake.

Kwenye mita ndogo za kugawana, uliza bei ya uniti. Anayewauzia wapangaji uniti kwa 500 anafanya biashara juu ya mgongo wenu. Maji vivyo hivyo: omba kuona bili ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, ya mwezi uliopita, si kuambiwa "kila chumba elfu kumi". Maeneo yenye mgao, uliza kama kuna tenki, lina lita ngapi, na nani analipia boza maji yakikatika wiki nzima.

Dalali ni wakala, si mwenye mali. Mpe chake baada ya kusaini na kukabidhiwa funguo, tena kwa risiti, hata ya mkono. Hela ya kuonyeshwa nyumba mkubaliane kabla ya kupanda bodaboda, na kwamba itakatwa kwenye malipo yake ukichukua nyumba. Kodi yenyewe usimpitishie kabisa. Itume kwenye namba ya simu au akaunti ambayo jina lake linafanana na la kwenye mkataba. Mwenye nyumba akiwa marehemu, anayesaini awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, asiwe "mtoto mkubwa" tu.

Mji huu umejaa watumishi, na watumishi huhamishwa. Hakuna kifungu kinachosahaulika kama hiki, na ndicho kinachouma zaidi, kwa sababu kodi uliyotanguliza hairudi yenyewe. Andikeni kwa maneno mepesi: "Mpangaji akihamishwa kikazi atatoa notisi ya siku 30, na mwenye nyumba atarudisha kodi ya miezi ambayo haijakaliwa ndani ya siku 14." Kata pia sentensi yoyote inayosema kodi "itapanda kulingana na hali ya soko". Kila Bunge la bajeti linapokaribia, Aprili, soko la Area D na Kisasa hupata hali mpya. Kodi ipande mkataba ukiisha, kwa notisi yenye tarehe.

Dhamana iandikiwe mambo matatu: kiasi, inakatwa kwa uharibifu gani, na inarudi lini. Piga picha za sinki, vitasa, vioo na dari siku ya kukabidhiwa, umtumie mwenye nyumba WhatsApp siku hiyo hiyo. Rangi kupauka ni uchakavu wa kawaida, usikubali kukatwa.

Kwa anayepanga fremu ya biashara, ongeza kodi ya zuio. Unazuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato: pango la 200,000, mwenye fremu anapokea 180,000 na TRA 20,000. Akisema "nataka laki mbili yangu mkononi", basi pango halisi ni 222,222, na ndilo liandikwe. Usipozuia, TRA watakudai wewe.

Mkataba upigiwe muhuri wa ushuru wa stempu ndani ya siku 30, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa pango la 150,000 kwa mwezi ni 18,000. Usiokuwa na stempu hautapokelewa kama ushahidi mpaka ulipiwe ushuru na faini, na watu huligundua hilo wakiwa tayari barazani.

Mkishindwana, kwanza ni Baraza la Kata. Tangu 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti, nacho unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaruhusiwa kwenda bila cheti, kwa hiyo barua ya malalamiko ipelekwe nakala mbili, na yako irudi na mhuri wa kata na tarehe ya kupokelewa.