Chanjo ya Miezi 18 na Swali Ambalo Halikuulizwa

Mpwa wangu alipotimiza miezi 18, dada yangu alimpeleka kliniki hapa Lamu akapate chanjo ya pili ya surua na rubela. Mtoto alipimwa uzito, akadungwa sindano, tarehe ikaandikwa kwenye kijitabu chake, nao wakarudi nyumbani Langoni kabla ya adhana ya adhuhuri. Hakuna aliyeuliza iwapo mtoto huyo huitika akiitwa jina, wala iwapo huonyesha kwa kidole kitu kilichomvutia. Ninaamini kwamba fursa yetu ya kuutambua mapema usonji wake (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu, ilipotea siku ile.

Dalili zilikuwapo, ila tulizipa majina mengine. Alipotaka biskuti zilizokuwa mkebeni, hakunyoosha kidole wala hakumtazama mama yake usoni. Alimshika mkono akaupeleka juu ya kifuniko, kana kwamba mkono ule haukuwa na mwenyewe. Alikuwa akiketi dakani akipanga vizibo vya soda katika mstari mmoja ulionyooka, na punda wakipita na mizigo yao hakuinua kichwa, lakini feni ikiwashwa chumbani aliisikia papo hapo na kwenda kuitazama ikizunguka. Nyanya yake alisema watoto wa kiume hukawia kusema, jirani akasema ni kijicho, na kombe likaandikwa, yaani aya za Kurani zinazoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Sina neno na kombe wala dua, nami ninamwombea hadi leo. Kilichotudhuru ni kuvifanya sababu ya kungoja, na tukangoja hadi alipofika miaka mitatu na nusu ndipo tukaambiwa kwamba ana usonji.

Dodoso la dalili za usonji liitwalo M-CHAT-R, linalotumika katika nchi nyingi, lina maswali 20 ya ndiyo au la, nalo limekusudiwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani hupendekeza kila mtoto achunguzwe akiwa na miezi 18 na tena miezi 24, hata kama wazazi hawana wasiwasi wowote. Miezi 18 ndio umri uleule ambao ratiba ya chanjo ya Kenya humfikisha mtoto mbele ya muuguzi. Majibu yakitia shaka, haimaanishi kwamba mtoto ana usonji. Maana yake ni kwamba apimwe masikio, kwani asiyesikia naye haitiki, kisha atazamwe na mtaalamu.

Kukutana huko kwa umri na sindano kumewafanya baadhi ya wazazi waishuku chanjo yenyewe kuwa ndiyo iletayo usonji. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyoeneza shaka hiyo kwa kutegemea watoto 12 tu, ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofanywa baadaye hazikuona uhusiano wowote. Mpwa wangu hakuwa akionyesha kitu kwa kidole hata kabla ya sindano ile.

Sehemu kubwa ya kazi hufanywa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, nayo hayamlazimu mzazi kungoja mtoto athibitishwe kwanza. Dada yangu huketi sakafuni uso kwa uso na mwanawe, akakishika kizibo karibu na macho yake mwenyewe, akangoja. Mtoto akitazama au akinyoosha mkono, humpa na kulitaja jina la kizibo, kisha huanza upya. Wiki za mwanzo mtoto alilia na kumgeuzia mgongo. Mwezi uliopita, tukiwa gatini, alinyoosha kidole kuelekea jahazi lililokuwa likitweka tanga, kisha akageuka kumtazama mama yake ili kuhakikisha kwamba naye ameliona.

Mdogo wake anatimiza miezi 18 baada ya Ramadhani. Maswali tumekwisha kuyaandika kwenye karatasi, tukaitia ndani ya kijitabu chake cha kliniki, na safari hii muuguzi asipouliza, tutamsomea sisi.