Mchawi wa pH nimempata: zilikuwa kokoto zangu za ufukweni

Leo asubuhi nimepima pH, yaani kipimo cha uchachu, ya maji ya mashine yangu ya kuoteshea mboga bila udongo, mara tatu kwa sababu sikuamini. 6.2. Nikasuuza kichupa, nikachota maji upya upande wa pili wa tangi, nikadondosha matone, 6.2 tena. Jana ilikuwa 6.1, juzi 6.0. Kwa mtu aliyeamka wiki saba mfululizo na kukuta 7.8, hizi ni namba za kuandika kwa kalamu nyekundu, na nimeziandika.

Mashine ni ya matundu 12, tangi la lita 5, pampu ndogo na taa juu. Imekaa kwenye kaunta ya jikoni hapa Mikindani, kati ya jiko la gesi na ndoo ya maji ya kunywa. Saladi matundu matano, mrehani manne, mnanaa mawili, giligilani moja. Mbegu za saladi niliziotesha kwenye friji siku mbili, maana kwa joto letu ukiziacha mezani zinalala tu. Hiyo haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kitu kimoja, na ndicho nitakachokieleza mpaka kiishe.

Sponji za kushikia miche zilizokuja na mashine ziliisha baada ya mavuno ya kwanza. Kuagiza nyingine ni kungoja wiki kadhaa na nauli inazidi bei ya sponji zenyewe. Wenzangu mnatumia gololi za udongo wa kuchoma, lakini Mtwara mjini nimezunguka maduka ya pembejeo na ya mapambo, sikuziona. Basi siku moja maji yakiwa yamekupwa nikashuka pwani na kisado, nikakijaza vijiwe vyeupe, laini, ukubwa wa punje ya korosho. Nikaviosha mara sita. Nilipima EC, yaani wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka, ya maji ya mwisho ya kuoshea, ikawa sawa na ya bomba, nikajua chumvi ya bahari imetoka yote. Nikavipanga kwenye vikombe, miche ikasimama wima, jikoni kukapendeza.

Kile kipimo cha EC ndicho kilichonilaza usingizi. Kilinijibu kuhusu chumvi, mimi nikakichukulia kwamba kimenijibu kuhusu jiwe.

Siku ya tatu pH ikatoka 6.0 hadi 7.6. Nikakamua ndimu, ikashuka 5.9. Kesho yake asubuhi 7.1, keshokutwa 7.8. Nikakamua tena. Mwisho wa wiki ya pili nilikuwa natumia ndimu mbili kila siku kwa tangi la lita 5, na mama, ambaye hiyo kaunta ni yake, akaniuliza, "Mwanangu, ndimu zote zinaishia kwenye hilo dude lako, samaki tutamlia na nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Halafu majani yakaanza. Saladi zikatoa majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani, na mrehani ukafuata. Hapa nilikosea na kosa lilinigharimu siku kumi: nilikimbilia chumvi ya Epsom, ambayo ni ya kuongeza magnesiamu. Njano ya magnesiamu huanza kwenye majani makuukuu ya chini, kwa sababu mmea unaihamisha kutoka huko kuipeleka juu. Chuma hakihamishiki, kwa hiyo upungufu wake unaonekana kwenye majani machanga ya kileleni. Yangu yalikuwa ya kileleni. Chuma kilikuwemo majini, niliweka mwenyewe na mbolea, lakini mbolea yangu ina chuma kilichoshikwa na EDTA, kemikali inayokiweka katika hali ambayo mmea unaweza kukinywa, na hiyo pH ikipita 6.5 huanza kukiachia. Ukiwa na DTPA unafika 7 na kidogo, na EDDHA inastahimili hata 9. Kwa 7.8 mimea yangu ilikuwa na njaa huku chakula kiko mbele yake.

Orodha ya niliowashutumu ni ndefu. Kwanza kalamu ya pH, kile kipimo cha betri cha kuchovya majini. Nikanunua unga wa kurekebishia, 4.01 na 6.86, nikairekebisha kila baada ya siku mbili, bado 7.8. Nikanunua matone ya rangi ili nipate shahidi wa pili, yakasema vile vile. Halafu nikashutumu maji ya bomba. Nikanunua maji ya kunywa ya dumu la lita 20, nikamwaga tangi lote, nikaanza upya. Siku ya tatu, 7.7. Hapo ningetakiwa kusimama na kufikiri, kwa sababu kama maji yamebadilika na tabia haijabadilika, basi tatizo haliko kwenye maji. Sikusimama. Nilikuwa tayari nimeshapata maelezo niliyoyapenda.

Maelezo yenyewe yalikuwa haya. Asidi ya ndimu ni chakula cha bakteria. Ukiitia kwenye tangi lenye joto, wanaila, na pH inarudi ilikotoka. Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo maana wengi hushauri asidi ya fosforasi badala ya ndimu. Na tangi langu lilikuwa na nyuzi 29 mchana. Kila kitu kilikaa sawa. Nikatafuta asidi ya fosforasi, nikaipata kwa shida, nikaitia kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Siku ya kwanza 6.0, siku ya pili 6.9, siku ya tatu 7.6. Bakteria hawali asidi ya fosforasi hivyo. Nilikaa chini kwenye kigoda nikaangalia lile tangi, na nasema kwa dhati kwamba usiku ule nilitaka kuling'oa lote nirudishe kaunta kwa mwenyewe.

Kuna dalili nyingine nilikuwa naiandika kila siku bila kuisoma. EC ilikuwa inapanda. Naanza wiki na 1.5, namaliza na 1.9, na sijaongeza mbolea hata kijiko. Nilisema ni maji yanayopungua kwa joto. Lakini nilikuwa najaza hadi mstari kila jioni! Kuna kitu kilikuwa kinayeyuka mle ndani.

Siku ya 38 nikachukua glasi tatu. Ya kwanza maji ya bomba matupu niliyoyashusha hadi 6.0. Ya pili maji hayo hayo na mbolea, 6.0. Ya tatu maji na mbolea na kiganja cha kokoto, 6.0. Nikazifunika kwa sahani, nikaziweka kabatini mbali na taa. Baada ya siku tatu, ya kwanza ikawa 6.5, ya pili 6.3, ya tatu 7.7. Mikono ilinitetemeka nilipoona matone yamegeuka bluu.

Nilikuwa nimezimwaga kokoto kwenye beseni barazani nikiziangalia, ndipo akapita mzee wa nyumba ya tatu. Nikamwamkia, akaitikia, akainama akachukua kijiwe kimoja.

"Haya unayaloweka ya nini, mwanangu?"

"Ya kushikia miche, babu. Lakini yananiharibia maji."

"Haya si ndiyo tulikuwa tunachomea chokaa? Yakamulie ndimu uone."

Nikaenda jikoni nikaleta nusu ndimu. Povu likatoka papo hapo, vipovu vidogo vidogo, na ukitega sikio unavisikia vikichemka. Ni matumbawe. Pwani yetu sehemu kubwa ni matumbawe, nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa mawe hayo hayo na chokaa iliyochomwa kutokana nayo, na mimi nimekua nikiegemea kuta zake. Ni kalisiamu kaboneti tupu. Ukiiacha kwenye maji yenye kupata hewa, inayavuta hadi karibu na 8.3 na kuyashikilia hapo. Kila ndimu niliyokamua haikuwa inashusha pH ya tangi, ilikuwa inakula jiwe: asidi inakwisha, hewa ya ukaa inatoka, kalisiamu inabaki majini na kuipandisha EC. Kadiri nilivyotia asidi nyingi ndivyo jiwe lilivyoyeyuka zaidi. Nilipozitoa kwenye vikombe, zile kokoto zilizokuwa laini zilikuwa zimefifia na kushika unga, zingine zimetoboka.

Na bakteria? Naamini walikuwepo na walikula sehemu yao ya ndimu. Ndiyo maana nilipotea muda mrefu hivi: sababu niliyoishika ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yenye nguvu.

Sasa cha kuweka badala yake. Nilifikiria vipande vya tofali, nikakumbuka tofali za huku pwani nyingi ni za saruji, na saruji nayo ni ndugu wa chokaa, itanirudisha kule kule. Tofali nyekundu la kuchoma lingefaa. Makumbi ya nazi ndilo wazo linalomjia kila mtu, lakini makumbi mengi huku hufukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yamenywa maji ya bahari miezi, na kuyatoa chumvi ni mradi mwingine. Nikaenda kwa mama anayeuza vyungu nikamwomba magae. Akanipa ndoo nzima ya vyungu vilivyovunjika njiani, bure. Nikayapondaponda kwa nyundo ndani ya gunia, nikayachekecha nikabakiza yanayotosha kwenye vikombe, nikayamwagia siki: kimya. Nikayaloweka usiku kucha, nikasuuza mpaka maji yakatoka safi.

Kuhamisha miche ndiko kulikouma. Mizizi ilikuwa imekumbatia kokoto moja moja, na kokoto ikibaki hata tatu najua nitazihesabu usiku. Nilitumia kibano cha nyusi, saa nne nzima. Saladi mbili zilikatika shingo. Zilizobaki zilinyong'onyea siku mbili kisha zikasimama.

Siku ya tisa baada ya kuhamisha, jani la kwanza la kijani kamili likachomoza katikati ya saladi. Yale ya njano hayatarudi, nimeyakata.

Kuhusu vifaa, kwa kuwa nimeshatumia hela. Kalamu ya EC ya bei nafuu inatosha, nunua hiyo kwanza. Kalamu ya pH ya bei nafuu ni mzigo: inahama, inataka kurekebishwa, na ukiiacha ikauke imekufa. Usiihifadhi kwenye maji ya betri yale ya kuongezea kwa kuwa ni safi. Usafi huo ndio unaoiua, inataka maji ya potasiamu kloridi. Matone ya rangi hayana betri wala hayahami, ila uyasome mchana karibu na dirisha, maana chini ya taa ya zambarau ya mashine kila kitu kinafanana. Na wanaotumia asidi ya betri kushushia pH, nawaomba msiiweke kwenye kaunta inayokatiwa nyanya. Mimi siiweki.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa rafu ya pili yenye taa na taima. Taa ziko kwenye boksi na zitabaki humo kwanza, kwa sababu nilipokwenda kwa mama wa vyungu nilirudi na mtungi.

Sikilizeni. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni karibu miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu, na mizizi kwenye joto inataka nyingi zaidi. Nimekuwa nikigandisha chupa za maji na kuzitumbukiza, zinashusha kwa saa mbili, kisha joto linarudi, na umeme ukikatika friji nayo inalala. Mtungi hautaki umeme, unatoa jasho na maji yanapoa. Lakini sitaki mbolea igusane na udongo, itatoka na jasho na kugeuka ukoko mweupe nje. Kwa hiyo nimechukua mpira mwembamba wa levo, ule mafundi wanaopimia msingi, mita nne, nikaukunja ndani ya mtungi uliojaa maji matupu. Pampu ndogo ya pili inasukuma maji ya tangi yapite ndani ya mpira na kurudi. Sehemu iliyo nje nimeiviringisha utepe mweusi wa umeme ili mwani usiote. Pampu hii inakula umeme kidogo, pawabenki inaiendesha.

Mtungi unakaa dirishani kwenye upepo wa kusi. Jana saa 8 mchana jikoni nyuzi 30, tangi lilikuwa 29. Saa 12 jioni tangi 26.5. Leo nimeufunga gunia bichi kiunoni nione kama utashuka zaidi. Kusi ni kavu, kwa hiyo najua napima katika msimu mzuri. Kaskazi ikiingia na unyevu wake mtungi utatoa jasho pole pole, na hapo ndipo nitajua kama umefaa.

Leo saa 1 asubuhi: pH 6.2, EC 1.4, maji nyuzi 25. EC inashuka, maana yake mimea inakula.