Leteni na miguu

Kila ifikapo Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, tunapanga foleni chini ya maturubai, tunatobolewa vidole vya mikono, tunaambiwa namba zetu. Ni kazi njema na nawaombea heri wauguzi wanaoifanya kutwa nzima. Ila natamani siku hiyo tuambiwe pia tuvue viatu. Hapa mtaani kwetu Tandika, watu wengi ninaowajua wenye kisukari wanaijua sukari yao ya asubuhi ilikuwa ngapi. Unyayo wao ukoje, hawajui.

Jirani yetu mmoja ni fundi cherehani. Miaka mingi ameshona barazani kwake akiwa peku, mguu juu ya kanyagio la chuma. Ugonjwa ulipomwanza alikuwa akilalamika kwamba nyayo zinawaka moto usiku, hata shuka likimgusa anashtuka. Baada ya muda moto ule ukapoa. Akamshukuru Mungu, akasema dawa zimemkubali. Kisha siku moja mjukuu wake akaona matone ya damu sakafuni, akayafuata mpaka kwa babu, naye babu anaendelea kushona. Kipande cha sindano kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba, na hakuna aliyejua kimekaa humo tangu lini. Kikaondolewa kidole, kisha mguu ukakatwa chini ya goti.

Kule kupoa ndiko kunakonisukuma kuandika. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu kuliko yote, inayoshuka mpaka vidole vya miguu. Mshipa unaoumia unachoma, unawaka, unafanya kama sisimizi wanatambaa. Ukishakufa, unanyamaza. Mgonjwa anadhani amepona, kumbe sasa anaweza kukanyaga msumari na kuendelea na safari yake sokoni. Wakati huohuo mishipa ya damu imekuwa myembamba, damu haifiki vizuri vidoleni, na mwili wenye sukari nyingi haupigani na vijidudu inavyotakiwa. Mchubuko ambao mimi na wewe tungeusahau baada ya siku mbili, kwake unageuka donda ndugu. Mwaka 2005 madaktari wa hapahapa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Ganzi ikifika hapo, hata jino la panya halimwamshi mtu.

Kwa hiyo mama yangu namkagua kila usiku baada ya isha. Mwanzoni aliona haya. "Mwanangu, miguu ya mzee ina nini cha kutazama?" Sasa akikaa tu kitandani ananinyooshea mwenyewe. Nawasha tochi ya simu, naanza na visigino kwa sababu ana magaga, nayo magaga yakipasuka kwa ndani yanakuwa mlango wa vijidudu. Natazama kucha. Napapasa kwa mgongo wa mkono nione kama kuna sehemu ina joto kuliko nyingine. Halafu natenganisha vidole kimoja kimoja, na hapa ndipo ninapokaa sana. Mama anatawadha mara tano kwa siku, na ule unyevunyevu unaobaki katikati ya vidole ndio fangasi wanaoupenda. Tumempa kitambaa laini cha pamba, kinakaa pale pale penye ndoo ya udhu, ajikaushe kabla ya kuswali. Mafuta ya nazi anapaka juu ya mguu na kisiginoni. Katikati ya vidole hapana.

Hina kwenye nyayo ameacha. Hilo lilimuuma, maana harusi bila hina kwake si harusi. Lakini unyayo uliopakwa hina hauonyeshi wekundu, na wekundu ndiyo dalili ya kwanza ninayoitafuta. Tumekubaliana apake mikononi.

Kuna mengine nayasikia mitaani yananitisha. Mtu ana ganzi, anashauriwa aloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi. Ngozi isiyohisi haijui maji yameshaunguza. Nimeona malengelenge ya namna hiyo kwa macho yangu. Maji ya kuogea apimiwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine. Sugu zisikatwe kwa wembe. Kidonda kisimwagiwe unga wowote wa dawa kikafunikwa kusubiri kikauke. Kwa mwenye kisukari kidonda ni cha kwenda hospitali leo, hata kama hakiumi, na zaidi kama hakiumi.

Viatu navyo. Kandambili zinaacha vidole wazi na kamba yake inachubua, na yeboyebo ikibana haina huruma. Mama tulimnunulia viatu vyenye soli nene na mikanda ya kulegeza. Tulikwenda dukani jioni, kwa kuwa jioni miguu imevimba kidogo na ndiyo saizi yake ya kweli. Kabla ya kuvaa anavigeuza na kuvikung'uta, kisha anatia mkono ndani. Tumekuta humo kokoto, na mara moja kifungo cha shati.

Mkienda kliniki, naomba msisubiri kuulizwa. Kukiwa na foleni ndefu daktari anatazama namba, anaandika dawa, anaita mwingine. Mama siku hizi anavua viatu kabisa na kusema, "Daktari, naomba unitazame na miguu." Kuna kipimo cha uzi wa nailoni: mgonjwa anafumba macho, uzi unagandamizwa unyayoni mpaka unajikunja, naye anasema kama ameuhisi. Hakichukui muda, na angalau mara moja kwa mwaka kila mwenye kisukari anastahili kufanyiwa.

Kama mzazi wako mwenye kisukari yuko kijijini nawe uko mjini, pesa ya dawa utatuma kwa simu, lakini miguu hutaiona kwa simu. Mtafute mtu wa pale nyumbani, mjukuu au mke wa kaka yako, mwelekeze hatua kwa hatua, na ukipiga jioni umuulize yeye alichokiona. Mzee mwenyewe atakwambia haumwi popote.