Haya, jiangalie wewe

Wiki hii shemeji katoka hospitali, mkataba wangu kazini umeongezwa mwaka, na wala sio hayo yanayoninyima usingizi. Ni Dada, mnamjua. Jumanne nikamwambia kwenye simu safari hii msinipe uweka hazina wa kamati ya harusi, nimechoka kukimbizana na watu wa ahadi. Akanyamaza. "Haya, jiangalie wewe." Nikasema sio hivyo dada. "Kwani nimesema kitu? Nimesema jiangalie." Akakata.

Kwani nimesema kitu! Mpaka kwenye daladala naisikia.

Sasa na ubishi wangu nikarudi kwa Spinoza, yule mwanafalsafa Mholanzi niliyewachosha naye mwezi uliopita, maana kwenye kitabu chake, Ethica, kilichotoka 1677 mwenyewe keshakufa, sehemu ya 3, anasema kila kitu kinajitahidi kadiri ya uwezo wake kuendelea kuwepo, na juhudi hiyo ndiyo kiini chake hasa. Yaani sio roho mbaya, ndivyo tulivyo, mimi, mbuzi, hata jiwe. Tena anasema hakuna kitu kinachoangamizwa ila na kitu cha nje, nikaona basi, cha nje chenyewe ndiyo hii kamati, nikaanza kumwandikia Dada meseji ndefuuu yenye hoja.

Kabla sijaituma nikasoma mbele. Sehemu ya 4, jamaa yule yule, anasema hakuna kinachomfaa binadamu kuliko binadamu mwenzake, wawili wenye asili moja wakiungana wanakuwa kama mmoja mwenye nguvu mara mbili. Hoja yangu ikapwaya hapo.

Halafu kuna hiki kisa, walioandika maisha yake wanasimulia kwamba baba yao alipofariki dada zake walitaka kumnyima urithi, akaenda mahakamani, akashinda, kisha akawaachia karibu vyote akabaki na kitanda na pazia lake. Kitanda! Nimecheka peke yangu jikoni. Na huyu ni mtu ambaye Wayahudi wenzake wa Amsterdam walimtenga 1656, ana miaka 23, kama kuna aliyekuwa na sababu ya kung'ang'ania chake ni yeye. Dada angesema mjinga huyo, na angecheka pia, namjua.

Uweka hazina bado sitaki. Ila pilau la kikao cha kwanza nitapika mimi, kesho akitoka kanisani nitampigia.

Kinachonitisha sasa hivi ni mita ya maji, inazunguka na mabomba yote nimefunga, na mwenye nyumba hapokei simu.