Kujibu Kabla ya Kusikia

Neno la wiki: "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." (Mithali 18:13)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mmeshaliona hili. Kipande kifupi cha filamu, au picha moja ya maonyesho ya sanaa, kinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp na juu yake pameandikwa "Wakristo tuamke!" Saa moja haijapita, hukumu imeshatoka na msanii ameshakabidhiwa kwa Shetani. Uliza sasa ni nani aliyeitazama kazi yenyewe: kimya.

Sina ugomvi na kukemea. Zipo kazi zinazostahili kukemewa, na mtu aliyekutana na uchafu halazimiki kukaa hadi mwisho ili aonekane muungwana. Ninachokisema ni kwamba amri ya kutomshuhudia jirani uongo haimwachi nje msanii. Ukidai filamu inafundisha jambo ambalo haifundishi, umemsingizia mtu, hata kama nia yako ilikuwa kuwalinda vijana wa kanisa.

Mtazameni Paulo kule Athene, Matendo 17. Roho yake ilichukizwa alipoona mji umejaa sanamu. Hilo limeandikwa wazi. Pamoja na kuchukizwa, alizunguka, akatazama, akakaribia kiasi cha kusoma maandishi ya madhabahu moja: "Kwa Mungu asiyejulikana." Aliposimama Areopago akawanukulia hata ushairi wao, "Maana sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo yamo katika utenzi wa mshairi wa Kiyunani, Arato, kuhusu nyota, na anayesifiwa humo ni Zeu, mungu wao mkuu! Mhubiri wetu akithubutu hivyo Jumapili hii, sidhani kama atafika kwenye sadaka kabla wazee hawajamwita pembeni.

Kuhukumu kwa niaba ya watu kabla hawajaona kuliwahi kufanywa kuwa kazi ya serikali. Julai 1937, mjini Munich, Hitler alizindua jumba kubwa la sanaa aliyoikubali yeye. Siku iliyofuata, karibu na hapo, Wanazi wakafungua maonyesho ya pili, ya sanaa waliyoiita iliyooza. Kazi nyingine zilitundikwa upande na zikabanana, na kutani wakaandika maneno ya kejeli, ili mtu aanze kucheka kabla ya kutazama. Watu wapatao milioni 2 walipita humo. Na kazi mojawapo waliyokutana nayo mwanzoni kabisa ilikuwa Kristo msalabani, mchongo wa mbao wa Ludwig Gies, uliotengenezwa kuwakumbuka askari waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwili wake umekondeana na kupindapinda kwa maumivu. Ulipokuwa bado katika kanisa kuu la Lübeck, mwaka 1922, watu walikuwa wameshaukata kichwa. Waliona ni mbaya mno kuwa Bwana. Isaya 53 nadhani hawakuifikia, pale panaposema hana umbo wala uzuri.

Lile jumba la Hitler lingali wazi hadi leo, linaitwa Haus der Kunst. Mwaka 2009 msanii wa China, Ai Weiwei, alifunika sehemu ya mbele ya jumba hilo kwa mikoba 9,000 ya kubebea vitabu vya shule. Ukiwa mbali unaona rangi tu, buluu imetanda na nyingine zimepita juu yake, na ni rahisi kabisa kusema, "Hii nayo ni sanaa?" Ila zile rangi ni herufi za Kichina, na herufi zinafanya sentensi ya mama aliyefiwa: binti yake aliishi kwa furaha katika dunia hii miaka 7. Mei 2008 tetemeko la ardhi lilipiga Sichuan, madarasa yaliyojengwa ovyo yakaporomoka, na watoto zaidi ya 5,000 wakafa. Msanii alifika huko akaikuta mikoba imetapakaa kwenye vifusi. Alipoungana na watu wa kujitolea kukusanya majina ya watoto, mamlaka hazikupendezwa. Polisi walimpiga kichwani hadi akahitaji upasuaji, uliofanyika mjini Munich wiki chache kabla ya maonyesho hayo.

Mtu anaweza bado kuuliza kama ni haki msiba wa mama kupambwa kwenye ukuta wa jumba la sanaa. Swali hilo naliona halali, na sijamaliza kulijibu moyoni. Nalipokea kutoka kwa yeyote aliyeisoma sentensi ile.

Tuombe wiki hii kwa Zaburi 141:3, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu," na siku hizi midomo ni pamoja na kidole kinachosambaza.