Nilivyopata kinachokula betri ya gari yangu

Kila Jumatatu ilikuwa hivyo hivyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri niko ndani ya gari nitoke Kahawa West niende Industrial Area, nageuza ufunguo, tak tak tak, basi. Gari haijaisha waranti, na mimi niko pale kwa ploti naomba jirani wa Probox aniletee nyaya za kujampu. Hakuwahi kunikatalia ila mtu unaona haya, wiki ya nne mfululizo.

Kwa wale walioniuzia nimerudi mara tano. Kwanza wakabadilisha betri, sawa. Mara ya pili wakakaa nayo siku nzima, "Tumeipima bosi, iko sawa." Ya tatu tena betri, na hii nikalipa 14,500 eti ni matumizi yangu. Na kilichoniuma zaidi si hata hiyo pesa, ni yule dada wa mapokezi kuniuliza kama huwa nasahau kuzima taa.

Soja wetu ndiye alinifungua macho. "Mkuu, mbona huwa unaacha kitu ya simu ikiwaka humo ndani usiku?" Nikashuka saa nne usiku na kweli, kataa ka bluu ka chaja kanawaka, na gari imefungwa, ufunguo niko nao mfukoni. Kwa gari yangu tundu la chaja hufa ukizima gari.

Nikanunua mita pale Luthuli. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6, gari ikinguruma 13.8 hadi 14.4, na zangu zilikuwa sawa kabisa, kwa hivyo betri na alteneta, ile inayochaji betri gari ikinguruma, hazina makosa, kuna kitu kinakula moto usiku. Sasa hapa ndipo naamini wale mafundi walikosea, ukifungua boneti na mlango gari inakaa macho, lazima usukume vile vikomeo na bisibisi ijue imefungwa, halafu ungoje nusu saa hivi. Nikatoa waya wa negativu nikaweka mita katikati ya waya na betri: ampea 0.38. Inafaa iwe chini ya 0.05! Piga hesabu, Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri ni kama saa 60, hiyo ni karibu ampea-saa 23, na betri yangu ni ya 45.

Nikaanza kutoa fyuzi moja moja. Ya redio na tundu la chaja ikashusha namba hadi 0.03. Nikairudisha, ikapanda tena, nikagonga relei yake, ile swichi ndogo inayojiwasha kwa umeme, polepole na mpini wa bisibisi, namba ikaanguka yenyewe. Relei inanata, siku zingine inaachilia, zingine inakataa, ndio maana kwao kila siku "iko sawa". Nashukuru Mungu nilikuwa narekodi video.

Sikwenda na kelele. Nikamwandikia meneja barua pepe, tarehe zote tano, video, na Ibara ya 46 ya Katiba inayompa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Nikaomba kitu kimoja tu, gari ilale kwao na fundi aipime asubuhi mimi nikiwa hapo kando. Fundi mwenyewe kijana mpole sana, alipoona mita akanyamaza, halafu akasema, "Mzee, pole."

Relei ikabadilishwa, ile 14,500 ikarudi. Jumatatu ya sita hii gari inawaka mara moja, na jirani wa Probox nimempelekea kreti ya soda.