Nilivyozielewa takwimu za tovuti ya duka la vitenge

Tovuti ninayoihudumia ni ya duka dogo la vitenge, na oda zake karibu zote humalizikia WhatsApp. Kwa hiyo idadi ya watembeleaji hainisumbui sana. Ninachotafuta ni nani amebonyeza kitufe cha WhatsApp na alitokea wapi.

Nilianza kwa kusafisha. Msimbo wa Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu ziara za tovuti, ule wenye kitambulisho kinachoanza na G-, unatakiwa uwepo mara moja tu kwenye ukurasa. Kwetu ulikuwa umewekwa na programu-jalizi ya WordPress, kisha mtu akaubandika tena kwa mkono, na kila ukurasa ukawa unahesabiwa mara mbili. Saa za Analytics nazo zilikuwa za Los Angeles, nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 10 au 11, hivyo wateja wa Jumamosi asubuhi walisomeka Ijumaa. Muda wa kuhifadhi data huanzia miezi 2. Nikauweka 14, maana bila hivyo huwezi kuchambua kwa kina Idi ya mwaka huu ukiilinganisha na ya mwaka jana.

Kuna pia ziara zetu wenyewe. Kichujio cha kuziondoa, kinachotumia anwani ya IP (namba inayotambulisha intaneti yako), huanza kikiwa katika majaribio, hakichuji kitu mpaka ukiwashe. Na kinafaa kwa intaneti ya dukani tu. Simu inayotumia bando hubadilisha anwani kila mara. Wauzaji nikawaomba wafungue picha za bidhaa kwenye simu zao, wasipitie tovuti.

Kazi kubwa ilikuwa chanzo cha ziara. Mtu akifungua linki kutoka WhatsApp, Analytics mara nyingi haioni alikotoka, humweka kwenye fungu la waliokuja moja kwa moja, pamoja na walioandika anwani wenyewe. Dawa yake ni kuongeza mkia kwenye kila linki unayotuma:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=stetasi&utm_campaign=idi

Andika kwa herufi ndogo siku zote. «WhatsApp» na «whatsapp» huhesabiwa kuwa vyanzo viwili, na ukishakosea, ripoti ya nyuma hairekebishiki. Mkia huu usiuweke kwenye linki za ndani ya tovuti yako, maana utavuruga hesabu ya chanzo halisi cha mgeni.

Kitufe chenyewe kilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Analytics hurekodi yenyewe tukio liitwalo click mgeni anapobonyeza linki ya kutoka nje ya tovuti. Nikatengeneza tukio jipya, bonyeza_whatsapp, kwa masharti mawili: event_name (jina la tukio) iwe click, na link_domain (tovuti ambako linki inaelekea) iwe wa.me, anwani fupi ya WhatsApp. Kisha nikaliweka kuwa tukio muhimu. Halihesabu ya zamani, linaanzia siku ulipolitengeneza. Kama kitufe chako kinatumia api.whatsapp.com, andika hiyo badala ya wa.me. Na hakikisha namba imeanza na 255, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Ikianza na 07, bonyezo litahesabiwa lakini mteja hatakupata.

Sasa nasoma kila Jumatatu, jedwali moja tu: chanzo, ziara, mabonyezo. Za jana siziamini, kwa kuwa hesabu huweza kuchukua saa 24 hadi 48 kutulia. Ziara za sekunde sifuri kutoka Ashburn, Marekani, nazitoa: mji huo umejaa vituo vya data, na wageni wa namna hiyo kwa kawaida ni roboti. Tena chanzo chenye ziara 40 kikitoa mabonyezo 2 wiki hii na 4 wiki ijayo, hakuna kilichobadilika. Namba ni ndogo mno.

Chanzo kikileta ziara nyingi bila mabonyezo, naufungua ukurasa ule kwa simu ya bei nafuu, kwa bando. Mara nyingi bei haijaandikwa, au picha ina MB 3. Naipunguza iwe chini ya KB 200, naandika bei juu kabisa, halafu naupa ukurasa wiki mbili kabla ya kuugusa tena.